Nateete: Mgeni wa kikundi hupewa jembe kwanza, mkopo baadaye

Na Mwandishi Wetu, Kampala

BASI linalotoka mpakani Mutukula au Katuna, likishaipita Busega, huingia Nateete kabla ya kufika katikati ya Kampala. Hapa hushuka watu wa kila aina: mfanyabiashara na marobota yake, binti aliyerejea kutoka Ghuba na akiba ya miaka miwili ya kazi za ndani, familia iliyovuka mpaka kuja kuanza maisha upya.

Kila mmoja ana fedha au anatafuta fedha. Na wote wanafanana kwa jambo moja: mtaani hakuna anayewajua vizuri.

Mtu wa namna hiyo akiomba kuingia katika kikundi cha kuchangiana, kile ambacho Kampala huitwa nigiina, Kenya chama, Tanzania upatu na Kongo likelemba, hukutana na masharti. Ataulizwa barua ya mwenyekiti wa LC1 wa mtaa wake. Atatakiwa kuleta mdhamini ambaye ni mwanachama. Ataambiwa aweke akiba kwanza, mkopo baadaye, na katika mzunguko atapangiwa zamu ya mwisho.

Wengi huona ni dharau. "Fedha ni zangu, kwa nini nisubiri?" Jibu limo katika hesabu.

Hesabu ya kutoroka

Tuchukue kikundi cha watu 10, kila mmoja akitoa Sh100,000 za Uganda kwa wiki. Anayefikiwa na zamu hubeba Sh1,000,000. Aliyepokea wiki ya kwanza ametoa laki moja tu ya kwake. Laki tisa ni jasho la wenzake. Akihama chumba usiku huo huo na kutupa laini ya simu, watu tisa wamelizwa.

Mtu wa kumi hawezi kufanya hivyo. Zamu yake ikifika amekwisha kuwachangia wenzake laki tisa, kwa hiyo anachopokea ni chake mwenyewe. Ndiyo maana mgeni huwekwa mkiani. Anapangwa huko bila kuitwa mwizi, na kama alikuja na nia mbaya, hakuna cha kukimbia nacho.

Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili ambao wenyeji hupenda kuusahau. Anayesubiri mwisho ndiye anayewakopesha wote. Wenzake wakishapokea na kuacha kuchanga, atakayelia ni yeye. Kwa sababu hiyo, mgeni mwenye busara huomba aanze na mzunguko wa kiasi kidogo, ili pande zote mbili zipimane.

Sanduku la makufuli matatu

Vikundi vya kuweka na kukopa vimelitatua tatizo hili kwa njia nyingine. Mtindo wao ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na baadaye ukaenea Uganda na nchi jirani. Kikundi huwa na watu kati ya 15 na 30. Kila mkutano mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, na mihuri hugongwa katika kitabu chake mbele ya wote.

Fedha hukaa katika sanduku lenye makufuli matatu. Funguo hushikwa na watu watatu tofauti, na sanduku hutunzwa na mtu wa nne. Halifunguliwi ila mkutanoni. Mkopo kwa kawaida hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji, na huombwa hadharani, kila mtu akisikia sababu yake.

Baada ya miezi tisa hadi 12 mikopo yote hurudishwa, faida hugawanywa na sanduku hubaki tupu. Hapo ndipo wageni hupokelewa, mwanzo wa mzunguko mpya, wote wakianzia mstari mmoja. Katikati ya mzunguko mlango huwa umefungwa.

Mlango ulio wazi mno

Sasa linganisha na wale wanaomkimbilia mgeni. Desemba 2019 kampuni ya Dunamiscoins, iliyowaahidi watu faida kubwa kwa muda mfupi kupitia sarafu za kidijitali, ilifunga ofisi zake Kampala na kuwaacha maelfu wakilia. Tanzania haijasahau DECI, ambako watu "walipanda mbegu" wakingoja mavuno, hadi serikali ilipoizuia mwaka 2009. Nchini Kenya, kikosi kazi kilichochunguza miradi ya piramidi kiliripoti mwaka 2009 kwamba wananchi walipoteza zaidi ya Sh8 bilioni za huko.

Katika miradi hiyo mgeni haulizwi barua wala mdhamini. Hupokelewa kwa shangwe, na huahidiwa zawadi akileta wageni wengine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa methali hiyo hutimia kwa namna mbaya: fedha ya aliyeingia leo ndiyo "faida" anayolipwa aliyeingia jana. Siku wageni watakapokwisha, na malipo yatakwisha.

Kubana bila kubagua

Nateete yenyewe si ngeni kwa wageni. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa na makazi yao hapa, karibu na kasri la Kabaka. Wakati huo hakuna aliyejiingilia Buganda apendavyo. Mzungu John Speke alilazimika kungoja Karagwe, kwa mfalme Rumanika, hadi Kabaka Mutesa alipomruhusu kuingia mwaka 1862.

Lakini masharti yanaweza kugeuka ukuta. Aliyekimbia vita Kongo atapata wapi mdhamini aliyezaliwa Rubaga? Kikundi kinachomkataa mtu kwa kabila lake au lafudhi yake hakijajikinga na tapeli yeyote, kwani tapeli anaweza kuwa mzaliwa wa mtaa huo huo. Kipimo cha haki ni muda: miezi ya kuhudhuria mikutano na kuweka akiba bila kukosa, ambayo kila mtu anaweza kuitimiza, atoke wapi atokako.

Kwa hiyo wewe uliyerejea juzi na akiba mkononi, kabla ya kutoa hata shilingi, uliza. Mgeni hungoja muda gani kabla ya kukopa? Nani ana funguo? Naweza kuhudhuria mkutano mmoja nikitazama tu? Nikitaka kutoka, hisa zangu nitazipata lini? Kama ni SACCO au kampuni inayokusanya fedha za umma, omba kuona leseni yake.

Wakikujibu kwa subira na kukuonyesha kitabu, kaa nao, hata kama zamu yako ni ya kumi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wakikwambia nafasi zinakwisha leo jioni, beba robota lako uende zako.