Rufaa ya Maradhi ya Akili Huanzia Kituo cha Afya

Mtu anapokosa usingizi siku kadhaa, akazungumza peke yake au akawashuku jamaa zake kuwa wanataka kumdhuru, familia nyingi hujiuliza wampeleke wapi. Kisiwani Unguja, mlango wa kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu na makaazi yake. Daktari wa hapo ndiye anayepima iwapo mgonjwa atibiwe kituoni au apewe barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Wagonjwa wa Akili ya Kidongo Chekundu.

Hatua ya kwanza ya daktari ni kuuchunguza mwili. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kushuka kwa sukari mwilini, maradhi ya tezi ya shingo na matumizi ya dawa za kulevya huweza kumchanganya mtu akili. Kwa mzee, hata maambukizo ya njia ya mkojo huweza kumfanya aweweseke. Mgonjwa wa namna hiyo akipelekwa kwa daktari wa akili bila kupimwa, maradhi yanayomsumbua huendelea kumla.

Baada ya vipimo, jamaa huulizwa mabadiliko yalianza lini, kama yamewahi kutokea katika ukoo, dawa zipi zimetumika, zikiwemo za mitishamba, na kwa mwanamke, kama amejifungua karibuni. Mgonjwa naye huulizwa waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema alilolificha.

Si kila mwenye sonona au kifafa anayehitaji rufaa. Tangu mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani limekuwa likihimiza maradhi hayo yatibiwe pia katika huduma za afya za msingi. Rufaa huhitajika pale dawa za awali zisipoleta nafuu, utambuzi unapokuwa na utata, au mgonjwa anapopoteza uhusiano na uhalisia. Anayetaka kujiua au kuwadhuru wengine hasubiri siku ya kliniki. Hupelekwa hospitali mara moja akiwa na msindikizaji.

Barua ya rufaa iliyoandikwa vizuri hueleza dalili na muda wake, matokeo ya vipimo, dawa na vipimo vyake, pamoja na swali ambalo daktari anataka lijibiwe. Barua yenye neno moja tu, “amechanganyikiwa”, humlazimisha mtaalamu kuanza upya.

Hospitalini, mtaalamu huzungumza na mgonjwa, humsikiliza aliyemsindikiza na kupanga matibabu. Kupewa rufaa hakumaanishi kulazwa. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Majibu yanaporejeshwa kwa daktari wa awali, mkaazi wa Nungwi au Makunduchi huweza, kila inapowezekana, kufuatiliwa karibu na kwao bila kusafiri hadi mjini kila mara.

Kinachochelewesha wengi ni aibu. Familia humficha mgonjwa ndani, au humzungusha kwa waganga kwa miezi, hadi hali inapokuwa nzito. Anayewahi hutibika kwa wepesi zaidi. Hivyo, jamaa anayeishi na mgonjwa ndiye afuatane naye, akichukua barua, dawa zote zinazotumika na kumbukumbu za matibabu yaliyopita.