Mkaratusi: Harufu nzuri, hatari kwa mtoto

JE, mtoto wako akishikwa na mafua usiku, wewe hufanya nini? Wengi katika Witeithie, Ruiru na kwingineko Kiambu huchemsha majani ya mkaratusi kwenye sufuria, kisha mgonjwa hufunikwa blanketi avute mvuke. Jina Witeithie lenyewe, kwa Kikikuyu, ni "jisaidie".

Mti huu ni wa Australia. Uliletwa Kenya mwaka wa 1902 ili utoe kuni za garimoshi la reli ya Uganda. Aina zake ni nyingi. Kuna ule ambao ukifikicha jani lake hunukia kama ndimu. Mafuta yake hutiwa katika sabuni na manukato, na hutengenezewa dawa ya kufukuza mbu (ambayo wataalamu wa Marekani wanashauri isipakwe watoto walio chini ya miaka mitatu). Aina nyingine ina sineoli, kemikali yenye ule ubaridi unaousikia ukisugua balmu kifuani.

Ubaridi huo ndio hutudanganya. Mgonjwa huhisi pua imezibuka, ilhali virusi vya mafua vingalimo mwilini. Covid-19 ilipoingia mwaka wa 2020, watu wengi Afrika Mashariki walijifukiza, lakini hakuna ushahidi kwamba mvuke uliwaponya.

Mtu mzima akitaka kujifukiza, si neno, mradi awe mwangalifu na asiwe na pumu, kwa maana harufu kali huweza kumbana kifua. Mtoto ni hadithi nyingine. Chini ya blanketi kuna giza na joto. Atarusha mguu, na maji yaliyotoka kuchemka yatamwagika mapajani na tumboni. Likitokea hilo, mvue nguo iliyolowa, mmwagilie maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Usimpake dawa ya meno, mayai wala mafuta ya kupikia.

Kuna pia ile chupa ndogo ya mafuta ya mkaratusi inayouzwa madukani. Usimnyweshe mtoto, wala usimtie puani hata tone. Kijiko kimoja cha chai chaweza kumtia degedege au kumpotezea fahamu, tena kwa muda mfupi. Akiyanywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali na uibebe chupa, daktari aione.

Kwa mafua ya kawaida, mnyonyeshe au umpe vinywaji mara kwa mara, na umtie puani matone ya maji ya chumvi yanayouzwa katika duka la dawa. Aliyepita mwaka mmoja unaweza kumpa asali kidogo kwa kikohozi. Lakini akipumua kwa kasi, mbavu zikibonyea ndani kila avutapo pumzi, au akikataa kunyonya, huenda hiyo ni nimonia. Usingoje kuche, mpeleke hospitali usiku huo huo.