Sauti ya Pili: Ufafanuzi Unaosemwa Juu ya Filamu

1. Maana na chanzo

Ufafanuzi wa sauti ni maneno ya mtu anayeitazama filamu na kuieleza wakati ule ule inapoonyeshwa. Maneno hayo hurekodiwa kando, kisha huwekwa katika diski pamoja na sauti ya asili, naye mtazamaji huchagua aisikilize ipi. Hivyo filamu moja huwa na sauti mbili: ile ya wahusika, na ile ya mjuzi aliye kana kwamba ameketi ubavuni mwa mtazamaji. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi usemi huo ulivyozaliwa, mambo yanayoufanya ufaulu, na sababu za wachunguzi wa Kiswahili kuushughulikia.

Chanzo chake ni nafasi iliyokuwa tupu. Mwaka 1984, nchini Marekani, kampuni ya Criterion ilitoa filamu King Kong ya mwaka 1933 katika diski ya leza, yaani sahani yenye upana wa sentimita 30 hivi, iliyotangulia DVD. Sahani hiyo ilikuwa na njia mbili za sauti, lakini filamu ya zamani kama ile ilihitaji moja tu. Katika njia ya pili ikatiwa sauti ya Ronald Haver, mtunzaji wa filamu katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini Los Angeles. Haver aliizungumzia filamu tangu mwanzo hadi mwisho, akaeleza pia kazi ya Willis O'Brien, ambaye sanamu zake ndogo zilisogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, hata mnyama akaonekana kutembea. Baadaye DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, iliweza kubeba hadi njia 8 za sauti. Ndipo desturi hiyo ilipoenea.

2. Ufafanuzi ulio bora

Si kila ufafanuzi unamfaa msikilizaji. Mara nyingi waongozaji na waigizaji hukumbushana mambo ya kazini na kusifiana, huku picha zikipita bila kuelezwa. Mfano unaopendwa na wengi ni wa Roger Ebert katika DVD ya Citizen Kane iliyotolewa mwaka 2001. Ebert hakushiriki kuitengeneza filamu hiyo. Ilitoka mwaka 1941, na yeye alizaliwa mwaka 1942. Alikuwa mhakiki wa gazeti mjini Chicago, aliyezoea kwa miaka mingi kuonyesha filamu mbele ya hadhira na kuisimamisha kila mara mtu mmoja alipotaka kuuliza jambo.

Katika diski, filamu haimngojei msemaji. Ebert analazimika kusema jambo lake wakati picha husika ingali mbele ya macho. Anaonyesha dari za vyumba, ambazo katika filamu nyingi za wakati ule hazikuonekana kwa sababu taa ziliwekwa juu. Anaonyesha pia jinsi mpiga picha Gregg Toland alivyofanya vitu vya karibu na vya mbali vionekane wazi kwa pamoja. Diski hiyo hiyo ina ufafanuzi mwingine, wa Peter Bogdanovich, mwongozaji aliyemfahamu Orson Welles mwenyewe. Anayezisikiliza sauti zote mbili hujifunza kwamba kumjua mtunzi ni elimu moja, na kuisoma picha ni elimu nyingine.

Kwa mwanaisimu, usemi huu una sura ya pekee. Msemaji na msikilizaji hawapo mahali pamoja wala wakati mmoja, lakini wanatazama kitu kimoja. Kwa hiyo vionyeshi hubeba mzigo mkubwa. Kiswahili kina utajiri katika jambo hilo: msemaji aweza kusema huyu kwa mhusika aliye mbele ya macho, huyo kwa aliyekwisha kutajwa, na yule kwa aliyeonekana zamani katika hadithi. Neno moja linatosha kumwongoza mtazamaji bila kufunika sauti nyingine.

3. Wasemaji wa Kiswahili

Afrika ilikuwa na msemaji wa filamu kabla ya diski hizo. Katika Kongo ya Kibelgiji, miaka ya 1940 na 1950, watu walioonyeshwa sinema na wamisionari au na serikali waliweza kumsikia msemaji akieleza picha kwa lugha za nchini. Baadaye, katika vibanda vya video vya Uganda, wasemaji walizifasiri filamu za kigeni kwa Kiganda. Dar es Salaam nako, Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, alipata sifa kwa kurekodi maelezo yake ya Kiswahili katika kaseti za video.

Kazi ya wasemaji hawa yatofautiana na ile ya Haver au Ebert. Wao hufasiri, husimulia na kufafanua kwa pamoja, tena sauti yao huifunika ya asili, na mtazamaji hana njia ya kuizima. Hata hivyo, sharti lao ni lile lile: neno lifike kabla picha haijapita.

4. Hatari ya kupotea

Sauti ya namna hii hudumu kadiri chombo chake kinavyodumu. Haver alifariki mwaka 1993. King Kong ilipotolewa katika DVD mwaka 2005, iliwekewa ufafanuzi wa watu wengine, Ray Harryhausen na Ken Ralston. Mwaka 2009 kampuni ya Pioneer ilitangaza kuacha kutengeneza mashine za kuchezea diski za leza. Huduma nyingi zinazoonyesha filamu kwa intaneti nazo hutoa filamu bila ufafanuzi wowote.

Ikiwa hayo yanazipata sauti zilizouzwa na kampuni zenye mali, hali ya kaseti za Kiswahili ni ngumu zaidi. Ukanda wa kaseti huharibika kwa joto na unyevu, na kaseti moja yaweza kufutwa ili irekodiwe kitu kingine. Wale waliosema mbele ya hadhira bila kurekodiwa wamebaki katika kumbukumbu za wazee tu.

Kwa hiyo yafaa idara za Kiswahili zikusanye kaseti zilizosalia, ziyanakili maneno yake katika maandishi, na kuwahoji wasemaji na watazamaji wao wangali hai. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu atakuta humo matini ndefu za Kiswahili kilichosemwa papo kwa papo, zinazofaa uchunguzi wa sarufi, wa tafsiri na wa fasihi simulizi. Kazi hiyo haiwezi kungoja kizazi kijacho.