Umdhaniaye Ndiye Siye

Lau tungelaziwa papa wawili sakafuni mwa soko la samaki, mmoja mdogo, mweusi, mwenye milia myeupe, na wa pili mkubwa, wa rangi ya mchanga, aliyejaa madoa, ni wangapi miongoni mwetu tungeapa kuwa hao si wa jamii moja? Na kiapo chetu kingekuwa cha uongo. Hao ni mtoto na mamaye.

Papa huyu, ambaye wataalamu humwita Stegostoma tigrinum, huishi toka Bahari ya Sham na mwambao wetu huu mpaka visiwa vya Pasifiki ya magharibi. Akianguliwa huwa na sentimita 20 hadi 36, na vazi lake ni milia. Akipita nusu mita milia huanza kukatikakatika, ikageuka madoa.

Basi tumtambueje? Kwa yale yasiyobadilika. Mkia wake ni mrefu, karibu nusu ya mwili mzima. Mgongoni na ubavuni ana matuta membamba yaliyonyooka mfano wa upindo wa kanzu. Kinywa chake ni kidogo, na mbele yake pana sharubu mbili. Asichanganywe na yule papa mwingine mpole alalaye mapangoni, mwenye rangi moja tu ya hudhurungi. Huyo huzaa watoto hai, na wetu hutaga.

Mchana hulala juu ya mchanga kando ya mwamba, kichwa akielekeza mkondo unakotoka, akivuta maji kinywani apate pumzi. Usiku hujipenyeza nyufani kutafuta konokono, kome, kaa na samaki wadogo. Mtu hamtafuti. Yai lake ni mkoba mgumu wa hudhurungi iliyoiva, wa kiasi cha sentimita 17, wenye nyuzi za kung'ang'ania mwambani.

Upole huo ndio uliomponza. Alalaye chini, karibu na pwani, jarife humpata upesi; na jike hakomai mpaka akaribie mita moja na sentimita 70. Tangu 2016 amehesabiwa duniani katika viumbe walio hatarini kutoweka. Huko Raja Ampat, Indonesia, alikuwa karibu kwisha kabisa, hata ikabidi mayai yaletwe kutoka mahodhi ya nchi za ng'ambo, vifaranga walelewe, na kuanzia 2023 waachiwe baharini.

Gharama yote hiyo ni ya kurudisha kilichokwisha. Sisi tungali na nafasi ya kutomaliza. Mwenye kudhani kuwa wa milia ni aina yake na wa madoa ni aina yake, huona baharini mna jamii mbili, kumbe ni moja, naye anavua mbegu na mti pamoja. Akikunasia naye yu hai, ndugu yangu mvuvi, mtazame mkia, kisha mrejeshe majini.