Kiatu cha Mgonjwa wa Parkinson

Mgonjwa wa Parkinson anaweza kuvuka sebule bila shida, akifika mlangoni miguu ikagoma. Kiwiliwili kinataka kwenda, nyayo zimeganda sakafuni, na hapo ndipo wengi huanguka. Miguu haijaisha nguvu. Seli nyingi za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini zimekufa, na mwendo uliokuwa ukijiendesha wenyewe sasa unadai amri kwa kila hatua.

Lakini mtu huyohuyo ukimchorea mstari mbele ya mguu, mara nyingi atauvuka. Daktari wa Uingereza, James Purdon Martin, aliliandika jambo hili mwaka 1967: jicho likipata kitu cha kuruka, ubongo hupitia njia nyingine. Watafiti wa Uholanzi wameuhamishia mstari huo kiatuni. Mguu wa kulia ukikanyaga, taa ya leza iliyo kwenye kiatu chake huchora mstari mbele ya mguu wa kushoto. Wa kushoto ukivuka na kukanyaga, nao huuchorea wa kulia. Katika majaribio ya maabara yaliyotangazwa Desemba 2017, vipindi vya kuganda vilipungua kwa karibu asilimia 46 kwa wagonjwa ambao dawa zao zilikuwa zimeisha nguvu mwilini. Dawa zikifanya kazi, nafuu ilikuwa ndogo kidogo.

Wachache watavipata viatu hivyo. Kiatu cha kawaida, hata hivyo, kila mgonjwa anacho, nacho huchaguliwa kwa uzembe unaonisikitisha. Kandambili ziondoeni kabisa. Humlazimu mtu kuzing'ang'ania kwa vidole, na mguu unaoburuzwa huziacha nyuma. Soli telezi ni hatari kwenye marumaru, ila msikimbilie mpira unaonata sana: mguu usionyanyuka vizuri utakwama ncha huku mwili ukiendelea mbele. Raba zenye soli nene na laini nazo huunyima unyayo habari za sakafu. Tafuteni soli nyembamba, imara, kisigino kifupi na kipana, na mkanda wa kunata badala ya kamba, kwa kuwa vidole vinavyotetemeka haviwezi kufunga fundo.

Nendeni dukani na mgonjwa mwenyewe, avae viatu vyote viwili, atembee, kisha ageuke. Kugeuka ndiko kunakofichua kiatu kinachopwaya. Kama ana sandali anazozipenda, fundi viatu anaweza kuzishonea ukanda wa kushika kisigino.