Twende Kalokol Tukawatazame Wavuvi

Msomaji mkulima, mwezi huu tunakualika safari. Hatuendi kwenye maonyesho ya ng'ombe wa gredi, wala hatuendi kutazama mahindi ya jirani. Tunakwenda Kalokol, kijiji cha wavuvi karibu na Ziwa Turkana, mahali ambapo mvua ni chache, mahindi hayaoti bila kumwagiliwa, na watu wengi hutafuta riziki yao majini. Huenda utauliza, "Mimi nina ekari zangu na ng'ombe wangu wawili wa maziwa. Samaki wa Turkana wananihusu nini?" Ngoja tufike. Utaona kwamba shida ya mvuvi na shida ya mkulima ni ndugu wa tumbo moja.

NJIANI

Ukiwa Kitale, panda basi au matatu ya Lodwar. Safari ni ya kilomita 300 hivi. Utapita Kapenguria, kisha utateremka milima ya Pokot mpaka Marich, na hapo hewa hubadilika. Koti ulilovaa alfajiri kwa sababu ya baridi ya Kitale, utalivua kabla hujafika Kainuk. Kabla ya kuondoka, uliza hali ya usalama barabarani, na usafiri mchana. Chukua maji ya kunywa ya kutosha, na kofia pia. Jua la huko halina mchezo.

Lodwar ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana, kando ya mto Turkwel. Ni mji wenye joto, vumbi na biashara nyingi. Mzee Jomo Kenyatta alikaa hapa kizuizini kutoka mwaka 1959 mpaka 1961, baada ya kutolewa gereza la Lokitaung. Ukipata nafasi, watakuonyesha nyumba aliyowekwa.

Kutoka Lodwar kuna barabara mbili ambazo ni lazima uzishike akilini. Moja yaelekea kaskazini-magharibi hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Nyingine yaelekea ziwani hadi Kalokol, karibu kilomita 60. Sisi twashika hii ya ziwani, lakini usiisahau ile ya Kakuma, maana tutairudia tutakapouliza samaki wanauzwa wapi.

Kabla ya kufika Kalokol utaona kando ya barabara mawe marefu meusi yaliyosimikwa ardhini. Hapo ni Namoratunga. Waturkana husimulia kwamba mawe hayo yalikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Wataalamu wa mambo ya kale wamechunguza na kuona kwamba yalisimikwa na wafugaji walioishi kando ya ziwa hili zamani sana. Kwa hiyo usidhani umefika nchi isiyo na historia.

KIJIJINI

Ukifika, usikimbilie ufukweni na simu mkononi ukapiga picha za watu. Msalimu kwanza mwenyeji. Sema "Ejoka," naye atakujibu "Ejok noi." Kisha uliza alipo chifu au mzee wa kamati ya ufuo, umweleze habari za safari yako. Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Basi nawe mponye mwenyeji wako: nunua samaki kwake, nunua kikapu kilichosukwa na akina mama kwa makuti ya mkoma, lala katika nyumba ya wageni ya mtu wa pale pale. Hilo lafaa kuliko kuwagawia watoto peremende.

Usiogelee mahali usipoambiwa. Ziwa hili lina mamba wengi, na Kisiwa cha Kati, unachokiona mbali majini, kinajulikana kwa mamba. Upepo wa kusini-mashariki nao huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, ukainua mawimbi makubwa. Mvuvi wa hapa huchungulia upepo kama wewe unavyochungulia mawingu mwezi wa Machi.

Asubuhi utaona mashua zikirudi. Wengine bado hutumia chelezo, yaani magogo ya mkoma yaliyofungwa pamoja. Watakuonyesha ngege na mbuta, ambaye wengine humwita sangara. Papo hapo kazi huanza. Joto ni kali, na samaki hangoji. Maziwa yako ya asubuhi yakichelewa kupelekwa huganda. Samaki wa Kalokol akiachwa mpaka saa sita, hafai tena.

WAVUVI HAWA NI NANI?

Zamani Mturkana aliyekuwa na ngamia, ng'ombe na mbuzi hakuwa na haja kubwa ya samaki. Kuvua kulikuwa kazi ya aliyefilisika mifugo. Njaa ya mwaka 1960 na 1961 iliwapa watu wengi sababu ya kugeukia ziwa. Serikali iliweka kambi ya chakula cha msaada karibu na Ghuba ya Ferguson, mbele ya Kalokol, na watu wakafundishwa kuvua kwa nyavu. Baadaye kikaundwa chama cha ushirika cha wavuvi. Ghuba ile ilikuwa na maji ya kina kifupi ambamo ngege walizaana sana. Katikati ya miaka ya 1970 samaki walikuwa wengi hata mwaka 1976 ziwa lilitoa zaidi ya tani 15,000. Watu wakasema ziwa haliishi.

Wewe mkulima umewahi kusikia maneno kama hayo. Ndiyo yale aliyosema mtu aliyepata shamba jipya, akavuna magunia mengi miaka mitatu, akadhani udongo hauchoki.

KIWANDA KIKUBWA

Sasa tazama jengo kubwa lililoko Kalokol. Serikali ya Norway iliwasaidia wavuvi kwa miaka mingi, ikajenga kiwanda cha kugandisha samaki kwa barafu ili wapelekwe miji ya mbali. Kilimalizika mwaka 1981. Nia ilikuwa njema. Barabara ya kutoka Kitale hadi Lodwar nayo ilitengenezwa kwa msaada wa Norway, na faida yake yaonekana mpaka leo.

Lakini kiwanda hakikufanya kazi ya kugandisha ila kwa muda mfupi tu. Gharama ya umeme ikawa kubwa kuliko faida ya samaki. Maji safi nayo hayakutosha. Kisha katikati ya miaka ya 1980 maji ya ziwa yakashuka, na Ghuba ya Ferguson ikakauka. Mahali palipoelea mashua, mbuzi wakapita. Mwaka 1990 uhusiano wa Kenya na Norway ulivunjika, na wataalamu wakaondoka. Jengo lililojengwa kwa ajili ya samaki wa barafu likawa ghala la samaki wakavu.

Tusiwacheke. Jiulize, katika skimu yako hakuna mashine ya kusaga iliyoota kutu, au tangi la kupoza maziwa lililozimwa kwa sababu bili ya stima imeshinda mapato? Kosa la Kalokol laweza kuwa la mahali popote.

UCHANJA NA CHUMVI

Kiwanda kilipolala, akina mama wa Kalokol hawakulala. Wao walikuwa na dawa ya zamani: jua, upepo na chumvi. Samaki hupasuliwa, matumbo hutolewa, akaoshwa, akatiwa chumvi, kisha akaanikwa. Turkana ina jua karibu kila siku, na jua halileti bili.

Hata hivyo kuna kuanika na kuanika. Samaki akilazwa juu ya mchanga, huokota uchafu, na nzi hutaga mayai. Halafu wadudu humla akiwa ghalani. Samaki aliyeanikwa juu ya uchanja, ulioinuliwa kutoka chini, hupata upepo pande zote mbili. Hukauka upesi, akakaa safi, na bei yake huwa nzuri. Hapo mkulima wa mahindi ajitazame. Nawe ukiyamwaga mahindi juu ya udongo mtupu badala ya turubai, ukayafungia magunia kabla hayajakauka, kuvu itaingia, na ghala la serikali litayakataa.

BARABARA YA KAKUMA

Samaki akikauka, yuko tayari kusafiri. Malori huja Kalokol, yakachukua matita ya samaki kwenda Lodwar. Hapo ndipo tunapoikumbuka ile barabara ya pili. Baadhi ya samaki huteremka Kitale, na wengine huvuka mpaka hadi Kongo. Wengine huelekea Kakuma.

Kakuma ilikuwa kituo kidogo tu mpaka mwaka 1992, ilipofunguliwa kambi ya wakimbizi kutoka Sudan. Leo kambi hiyo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo karibu, ina zaidi ya watu 200,000. Wako watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na nchi nyingine. Ukiingia sokoni Kakuma utasikia lugha nyingi, na katikati yao Kiswahili. Mama wa Kikongo hununua samaki mkavu wa Turkana akapika kama kwao, na jirani yake kutoka Sudan Kusini anamjua samaki kwa sababu ya mto Naili. Soko hili liko mlangoni pa wavuvi, wala halihitaji barafu.

Lakini je, mvuvi mwenyewe hupata nini? Hapa ndipo penye maumivu. Mavu na mashua ni ghali. Mvuvi asiye na fedha hupewa nyavu na mchuuzi kwa mkopo, kwa sharti kwamba samaki wote atamwuzia yeye, na bei ni ya mchuuzi. Mwaka waisha, deni halijaisha. Mvuvi wa namna hiyo avua samaki ambao wameuzwa kabla hawajaingia wavuni. Nawe unamjua mkulima aliyeuza mahindi yangali mabichi shambani kwa sababu ya karo ya shule. Huyo na mvuvi wa Kalokol wakikutana, hawatahitaji mkalimani.

ZIWA LENYEWE

Ziwa Turkana lina urefu wa kilomita 250 hivi, na ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani katika nchi ya jangwa. Halina mto unaotoka. Karibu sehemu tisa kwa kumi za maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na jua hunyonya zaidi ya mita 2 za maji kila mwaka. Kwa hiyo mvua ikipungua milima ya Ethiopia, wavuvi wa Kalokol huona ziwa likishuka, ingawa kwao hakuna kilichobadilika. Bwawa kubwa la Gibe III, lililozinduliwa mwaka 2016 katika mto Omo, limeongeza wasiwasi wa watu wa ziwani, kwa sababu mafuriko ya kila mwaka ndiyo huwaletea samaki chakula na mahali pa kuzaana.

Lakini ziwa hili halishuki tu. Tangu yapata mwaka 2020 maji yamepanda sana, yakafukuza watu katika nyumba zao zilizokuwa ufukweni. Wazee walioiona ghuba ikikauka wameishi hata kuona maji yakiingia mlangoni. Wanaojua zaidi wamejifunza jambo moja: samaki wakiwa wengi, nunua mbuzi, mvua ikikatika na mbuzi wakifa, rudi ziwani. Nyavu za matundu madogo hawazitaki, kwa kuwa kuwavua watoto wa samaki ni sawa na kula mbegu.

UTARUDI NA NINI?

Utakaporudi nyumbani na samaki wako mkavu aliyefungwa kwa gazeti, na kikapu cha mke wako au mama yako, rudi pia na maswali manne. Siku mtakapokutana katika chama chenu cha ushirika kuzungumza habari za mashine mpya, simama ukaulize:

Kwanza, kuiendesha kutagharimu nini kila mwezi, na fedha hizo zitatoka wapi?

Pili, ikiharibika baada ya aliyeileta kuondoka, nani kati yetu ataitengeneza?

Tatu, mavuno yakipungua kwa miaka miwili, mashine italishwa nini?

Nne, je, tumekwisha kufanya vizuri lile tuwezalo kwa mikono yetu na jua letu? Na soko la karibu tumelijaza?

Kalokol hawakuwa na nafasi ya kuuliza maswali hayo kabla jengo halijasimama. Wewe unayo. Na kama unaweza, jiunge na chama cha akiba na mikopo mapema, wakati una kitu, ili siku ya shida usiuze shamba likiwa bichi.

Siku ukienda Kalokol, wasalimie. Nao wakija kwako kununua mahindi, wakaribishe kwa uji, na uwape bei ya haki.