Vijana Sita na Umeme wa Kupimiwa

Sisi tunaopika kwa makaa machache tutalielewa upesi shindano hili.

Kila mwaka, huko Ujerumani, wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka nchi mbalimbali hushindana, si kwa mpira bali kwa kompyuta. Kila timu ina watu sita. Wanaunganisha kompyuta kadhaa zifanye kazi kama moja, kisha wanazipa hesabu nzito, kama zile za kukadiria hali ya hewa. Mwaka 2013 sharti lilikuwa kali: umeme usipite wati 3.000, karibu sawa na pasi mbili au tatu zikiwaka pamoja. Ukiweka mashine nyingi, unapita mpaka. Ukiweka chache, unachelewa. Hushinda anayejua kugawa.

Mwaka ule, mjini Leipzig, vijana wa Afrika ya Kusini walifika kwa mara ya kwanza, wakawashinda wote. Wakashinda tena 2014, 2016 na 2019. Hawakupewa umeme zaidi ya wengine.

Na kwetu, umeme ukikatika na taa ikibaki moja, nani anaipata? Mara nyingi kaka anasoma, dada anatumwa jikoni. Binti akisema hesabu inamshinda, tunamjibu: «Si kitu, utaolewa.» Tuliache neno hilo.

Juma hili, kila mama amwachie binti yake saa moja ya taa, tena akae naye, hata kama hesabu ile haijui. Unga kidogo tunajua kuugawa ufikie watoto wote. Taa nayo iwafikie wote.